Mbao Pana za Mjane Mehitabel

Kule New Hampshire, enzi makoloni yale bado yakiwa chini ya Mfalme wa Uingereza, msonobari wowote uliozidi upana wa futi mbili ulikuwa mali ya Mfalme. Watu wake walipita msituni wakiuchanja kwa shoka alama ya mshale, na tangu hapo mti ulioota nyuma ya banda lako ukawa mlingoti wa meli ya vita ya watu wengine. Ukiukata, kiwanda chako cha mbao kinachukuliwa.

Mjane Mehitabel Colcord aliukata. Alitaka sakafu. Mti wenyewe ulikuwa mrefu hivi kwamba ulipoanguka Jumatatu, kindi aliyekuwa kileleni alifika chini Jumatano, tena na njaa. Mehitabel alichoma kisiki, akapasua mbao pana kama milango, akazificha chini ya rundo la magogo na mbao nyembamba kwenye ua wa kiwanda chake. Kiwanda kile kilichoendeshwa na maji ya mto ndicho alichoachiwa na marehemu mumewe, na ndicho kilichomlisha yeye na binti zake.

Jumamosi alasiri mkaguzi wa misitu wa Mfalme akaingia uani juu ya farasi. Aliitwa Bwana Penhale, na alikuja peke yake, kijiti cha kupimia kwapani.

"Mama, fukua hilo rundo. Nataka kuona kilicho chini."

"Karibu maharage kwanza, Bwana. Yako jikoni tangu alfajiri."

"Sikuja kula maharage."

Alikula sahani tatu. Alipofuta mdomo, jua lilikuwa linazama.

Sasa, watu wa kule Sabato yao iliingia Jumamosi jua likizama, ikatoka Jumapili jua likizama. Ndani ya hiyo, hakuna kupika, hakuna kufagia, hakuna kunyanyua hata kijiti. Mlinzi wa Sabato, Shemasi Eliphalet Tuck, akatokea na fimbo yake ndefu.

"Bwana, acha kazi. Sabato imeingia."

"Imeingia wapi? Leo Jumamosi! Jumapili ya Kanisa la Mfalme inaanza saa sita usiku, na inaisha saa sita usiku!"

"Basi nyanyua magogo mwenyewe. Sisi hatugusi."

Penhale akavua koti, akavuta, akasukuma mpaka saa sita usiku, rundo lisipungue. Kijiji kizima kilisimama kumtazama, mikono nyuma.

"Ongeza maharage, Bwana!" mmoja akamtania. "Sahani tatu hazikutoshi!"

Mehitabel alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alimchelewesha mkaguzi hadi asiweze kupima, kumbe amejichelewesha na yeye asiweze kuzigusa mbao zake.

"Shemasi," alinong'ona, "tumejifungia chumba kimoja na chui."

"Sabato ni Sabato, dada yangu. Hata mimi mikono inaniwasha."

Jumapili wote wakaenda ibadani, mkaguzi akiwa benchi la mbele. Mchungaji alihubiri muda mrefu hivi kwamba kuku aliyeanza kuatamia wakati wa sala ya kwanza alikuwa na vifaranga walipofika amina. Walipotoka, Mehitabel akamsogelea mkaguzi.

"Kumbe huko kwenu Jumapili mtu hufanya kazi tu?"

"Nani kasema?" Penhale akang'aka, watu wote wakisikia. "Sisi si wapagani, Mama! Hakuna kazi mpaka saa sita usiku!"

Mehitabel aliondoka akitembea haraka kuliko Sabato inavyoruhusu.

Jioni kijiji kilijipanga uani, macho yote kwenye jua. Lilipozama, maji yakafunguliwa, gurudumu likaguna, msumeno ukaanza kupanda na kushuka. Wanaume walivamia rundo kama siafu. Mbao pana zikatoka, na Penhale akazikimbilia na kijiti chake. Fimbo ya shemasi ikamzuia kifuani.

"Unakwenda wapi, Bwana?"

"Kupima! Zile pale!"

"Kupima ni kazi. Sabato yetu imekwisha, yako bado. Au umeacha dini?"

Penhale akatazama huku na huku. Waliomsikia asubuhi ndio hao hao waliomzunguka. Akakaa juu ya gogo, akaona kila ubao ukipasuliwa katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho, hadi hakuna uliozidi tena futi mbili.

Jumatatu alipima uani kote. Hakupata hata ubao mmoja wa kumshtakia mtu. Akapanda farasi bila kuaga.

Majirani walicheka hadi kushika mbavu. Mehitabel peke yake alikaa kwenye mbao zake.

"Mbona umenuna?" shemasi akamuuliza. "Kiwanda si umebaki nacho?"

"Nimebaki nacho kama mwizi anavyobaki na kuku. Shamba langu, mti wangu, jasho langu. Halafu mbao nimeziharibu mwenyewe, kwa kumwogopa mtu wa ng'ambo ya bahari ambaye hajawahi kuuona msitu huu."



Jumanne, mchana kweupe, Mehitabel alichukua shoka, akaenda kwenye msonobari mkubwa kuliko wote kando ya barabara, akaupiga pigo la kwanza juu ya mshale wa Mfalme. Mlio ulisikika kila nyumba. Milango ikafunguka. Shemasi Tuck akaja na fimbo yake, na nyuma yake watu na ng'ombe wa kukokota magogo.

Mehitabel akasimama, shoka mkononi. "Umekuja kunizuia?"

Shemasi akaegemeza fimbo kwenye uzio, akavua koti. "Nimekuja kuuliza mti uangukie upande gani."

"Barabarani," akasema Mehitabel. "Mkaguzi akitaka kurudi, auparamie."