Kuku Aliyetembea Kama Mama Pindo

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ting, kisha kikanyamaza. Nje kulikuwa bado giza. Mama Pindo alikuwa amesimama jikoni kwake, kichwa amekiinamisha, akisikiliza maji ya moto yakijaa ndani ya kikombe. Sauti ya maji ilipopanda ikawa nyembamba, akainua birika. Hakumwaga hata tone.

"Bibi, mbona huwashi taa?"

Alishtuka mpaka kifuniko cha birika kikatikisika. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mjukuu wake amelala pale.

Majirani walimwita Mama Pindo kwa sababu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na pindo lake halikuwahi kufumuka. Mjukuu naye aliitwa Kifutio tangu utotoni, maana alipochora alifuta zaidi ya alivyochora, hadi karatasi ikatoboka. Sasa alikuwa binti mzima, anasomea katuni chuoni, zile zinazotembea na kusema. Muhula ule walipewa kazi moja tu: kila mwanafunzi achague mtu mmoja, amwangalie anavyotembea, kisha amfanye mhusika wa katuni. Kifutio alimchagua bibi yake. Ndiyo maana kila Ijumaa alikuja kulala, ili Jumamosi amkute bibi akiamka.

"Taa ya nini," alisema Mama Pindo, "na mikono yangu inajua kila kitu kilipo?"

Kifutio aliwasha taa. Akamsogelea bibi yake, akapitisha kiganja mbele ya uso wake, taratibu.

"Acha kunipepea, mimi si jiko la mkaa."

"Umeuona mkono wangu au umesikia upepo?"

Mama Pindo alivuta kiti, akakaa. Hakuwa mtu wa kudanganya watoto.

"Naona," alisema. "Ila naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lina ukungu. Daktari wa macho amesema kilichokwenda hakirudi, nitie matone nilinde kilichobaki. Natia asubuhi na jioni. Basi, habari imeisha."

"Baba anajua?"

"Baba yako akijua leo, kesho nimo kwenye chumba chenu cha nyuma, nimeatamiwa kama yai. Hapa nina cherehani yangu, nina mlango wangu, watu wanaleta sketi zao napinda kwa kupapasa, hakuna aliyewahi kulalamika. Niapie, Kifutio."

"Haki ya Mungu, Bibi. Mdomo wangu hautasema kitu."

Wakanywa chai. Mama Pindo akajisikia mwepesi. Kubeba jambo peke yako kuna uzito wake, na yeye alikuwa amelibeba mwaka na nusu.

Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa tamu zaidi. Kifutio alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, ubao wa kuchorea magotini, akachora huku akimweleza bibi mambo ya darasani.

"Mwalimu anasema mtu haruki tu, Bibi. Kwanza anajikunja. Akitaka kurusha jiwe mbele, kwanza anarudisha mkono nyuma. Usipochora kile cha kwanza, mtazamaji haamini kinachofuata."

"Sasa hilo ni la kusomea chuo? Hata sindano, ukitaka mshono imara, unairudisha nyuma kidogo ndipo isonge mbele."

"Nitamwambia Mwalimu kuna mwenzake huku."

"Mwambie na mshahara ugawanywe."

Siku nyingine alimweleza habari ya uzito. Unaweza kuchora duara mbili zinazolingana, moja mpira wa hewa na moja tufe la chuma, na hakuna atakayezitofautisha mpaka zidunde. Na mtu ni vivyo hivyo. Mwalimu alikuwa akiwaambia kila somo: mvike mhusika uso wowote, mpe ngozi au manyoya, mtu ni mwendo wake. Kifutio aliyarudia maneno hayo pale mezani mpaka Mama Pindo akayajua kwa moyo.

Kisha akaleta utepe wa kupimia wa bibi mwenyewe, akapima kutoka kitandani hadi mezani, kutoka mezani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye cherehani. Akahesabu hatua. "Hatua ya mtu wa kawaida inatoshwa na picha kumi na mbili, Bibi. Yako inataka ishirini."

"Kwa hiyo nawamalizia karatasi."

Katikati ya muhula Kifutio alikuja macho mekundu. Mwalimu alikuwa ametazama kazi yake ya kwanza mbele ya wenzake, akasema: huyu mhusika wako anavutwa na kamba, hana uzito, hana anachokiogopa. Ulikuwa unaangalia karatasi yako, hukumwangalia mtu.

Mama Pindo alimfuta machozi kwa upindo wa gauni lake. "Basi niangalie tena. Nitatembea mpaka utosheke."

Na kweli alitembea. Kitandani, mezani, jikoni, kwenye cherehani, halafu kurudi. Alikwenda na kurudi mara kumi na moja, na goti lake la kushoto lilikuwa limemvimba siku hiyo. Hakusema. Alisikia penseli ikikwaruza haraka haraka, na kukwaruza kule kulimfurahisha, kwa sababu kifutio hakikusikika hata mara moja.

Muhula ulipoisha, chuo kiliwaalika wazazi kuja mchana kutazama kazi za watoto wao ukumbini. Mwanawe Mama Pindo, baba yake Kifutio, alimpitia kwa gari, akamshika mkono kwenye ngazi kama anavyoshikwa mzee yeyote. Wakaketi safu ya tatu. Katuni zikapita, moja ya chura, moja ya mzee na baiskeli. Mama Pindo aliona mwanga ukitembeatembea kwenye ukungu, na watu walipocheka, naye alicheka.

Kisha akasikia: ting.

Sauti ilitoka kwenye spika kubwa, ikajaa ukumbi. Kilikuwa kijiko chake. Kilikuwa kikombe chake. Halafu yakaja maji yakipanda, sauti ikikonda taratibu mpaka ikakatika, kama anavyoikata yeye kila alfajiri. Mama Pindo aliacha kucheka.

Watu waliangua kicheko. "Mtazame kuku na kilemba chake!" alisema mama mmoja nyuma. Mwanawe naye alicheka, akajipiga paja. "Mama, Kifutio kachora kuku, ana aproni kabisa!"

Kisha kicheko kikapungua. Hakikukatika ghafla. Kilipungua safu kwa safu, kama mvua inayohama. Mwanawe aliacha kujipiga paja. Akainama sikioni kwake.

"Mama. Huyo kuku amebeba nini?"

Mama Pindo akajibu, "Amebeba kikombe."

"Hajabeba kitu, Mama," alisema mwanawe polepole. "Anapapasa meza."

Akachukua mkono wa mama yake, akaushika. Hakuushika tena kama wa mzee yeyote. Aliushika kama mtu anavyoshika glasi iliyopata ufa. Mama Pindo akajua kwamba mambo yamekwisha.

Mbele, Mwalimu alikuwa amesimama, sauti yake imejaa furaha. "Tazameni ncha ya bawa," aliwaambia watu. "Inafika kabla ya mguu. Inagusa kwanza ukingo wa meza, inahakikisha, ndipo uzito wa mwili unafuata. Haikusemwa popote, lakini sote tumejua kuku huyu haoni vizuri. Huo ndio ufundi." Makofi yakapigwa, marefu.

Kifutio alikuja mbio kati ya viti. "Bibi! Umeona? Wamepiga makofi!"

"Nimesikia."

Binti akaangalia uso wa bibi yake, akaangalia mkono ulioshikwa na baba yake. Furaha ikamtoka.

"Uliniapia," alisema Mama Pindo.

"Sikusema, Bibi! Naapa tena, sikumwambia mtu hata neno moja. Na sikukuchora wewe, nilichora kuku. Nilidhani nikikufanya kuku hakuna atakayekujua."

"Si wewe uliyenifundisha? Uso wowote, ngozi au manyoya, mtu ni mwendo wake. Muhula mzima umenieleza hivyo mezani kwangu, ukinywa chai yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikutikisika. "Nijibu jambo moja tu. Ulipouchora ule mkono, ulijua ni mkono wa nini?"

Kifutio alipiga magoti kando ya kiti chake.

"Nilijua," alisema. "Mwalimu alitaka nioneshe mhusika anaogopa nini. Ulikuwa ndio mchoro wangu wa kwanza ulio hai, Bibi. Nikashindwa kuufuta."

"Basi. Umenivua nguo mbele za watu, na ni mimi niliyekuonyesha vifungo." Akamgeukia mwanawe. "Nipeleke nyumbani, pangali ni nyumbani."

Wiki haikuisha. Mama Pindo akahamishiwa kwa mwanawe, kwenye chumba cha nyuma, kama alivyotabiri. Hakubishana sana. Alijua mwanawe anafanya kwa mapenzi. Aliwakataza wabebaji wasiguse cherehani, akaisukuma mwenyewe kwa magurudumu yake hadi garini. Mke wa mwanawe alikuwa ameanika godoro juani siku mbili, akamwekea redio karibu na mto, na kila asubuhi alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, ili asimshtue. Mama Pindo aliyaona yote hayo, akayashukuru.

Lakini mikono yake haikuwa na kazi mle. Cherehani iliwekwa stoo. Meza ilikuwa mahali ambapo mkono haukuitarajia, kabati lilimgonga bega, na paja lake likawa na madoa ya kugongana na kitanda. Kwenda msalani ilibidi aite mtu. Yeye, aliyefungua mlango wake mwenyewe miaka arobaini, aliita mtu.

Kifutio, aliyekuwa amepanga chumba karibu na chuo, alikuja Jumamosi ya kwanza. Mama Pindo alimpa mgongo, akatazama ukuta. Akaja ya pili, akaja ya tatu. Kila mara alikaa saa nzima kimya, akaondoka. Mwanawe alijaribu kusuluhisha. "Mama, mtoto hali vizuri." Mama Pindo akajibu, "Mpelekee basi kuku," na mwanawe hakujua acheke au anyamaze.

Jumamosi ya nne Kifutio hakukaa. Mama Pindo, akiwa sebuleni na mkamwana wake wakichambua mchele, alisikia vitu vikiburutwa chumbani kwake.

"Bado, Baba. Rudisha kabati nyuma nusu hatua."

"Nusu hatua ya nani?"

"Ya Bibi."

"Wewe mtoto, mgongo wangu si wa katuni, ukivunjika hauchorwi upya!"

Ikaburutwa meza. Kikaburutwa kitanda. Kitu kizito kilipita kutoka stoo kikikoroma juu ya sakafu, na Mama Pindo alikijua kwa sauti ya magurudumu yake. Karatasi zilisikika zikipekuliwa, nyingi sana, na utepe wa kupimia ukijikunja kwa sauti ile ile aliyoijua.

Mchana Kifutio alikuja, akasimama mbele yake. "Bibi, naomba uinuke ukaketi kitandani. Halafu tembea kama ulivyokuwa unatembea. Sitachora."

Alitaka kukataa. Lakini alikuwa amesikia yale magurudumu.

Akaketi kitandani, akainuka. Mkono ulitangulia, na meza ikawapo, pale pale, kwa kimo kile kile. Akapiga hatua nne, na mgongo wa kiti ukamjia kiganjani. Hatua tatu, na meza ndogo yenye birika na kikombe, mahali pa jikoni. Akageuka. Hatua sita zaidi, mkono wake ukatua juu ya chuma baridi cha cherehani, chini ya dirisha. Kigoda kilikuwa kinamngoja.

Akaketi. Akazungusha gurudumu, sindano ikapanda na kushuka.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Imo kwenye michoro, Bibi. Kila hatua yako nilikuwa nimeipima. Nyumba yote ninayo kwenye karatasi."

Mlangoni mwanawe alikohoa, kisha akajifanya anatafuta nyundo.

Mama Pindo alishika gurudumu likasimama. "Usidhani umefuta kitu, Kifutio. Bado inaniuma. Mlango huu si wangu."

"Najua, Bibi."

"Na ile sauti ya kijiko. Uliirekodi lini?"

"Asubuhi ileile uliyoniambia. Simu ilikuwa mfukoni, nilikuwa nimeiwasha kabla hujaamka." Alisema hivyo bila kujitetea, na Mama Pindo alilitambua hilo pia. Lilikuwa jambo baya kuliko yote, na binti alikuwa amelileta mwenyewe.

Mama Pindo alirudi hatua sita hadi kwenye meza ndogo, mkono mbele. Kijiko kikagonga ukingo, ting. Akasikiliza maji yakipanda. Akajaza kikombe kimoja, akapapasa, akakuta kipo cha pili, akakijaza nacho. Hakumwaga.

Wakanywa chai. Jua lilipoanza kulegea Kifutio alivaa viatu vyake mlangoni.

"Jumamosi uje," alisema Mama Pindo, uso akiwa bado ameuelekeza dirishani.

"Nije na penseli?"

"Hapana. Uje mikono mitupu, na simu uiache kwa mama yako. Ukae tu, tunywe chai." Akavuta kitambaa kwenye cherehani, akatafuta ukingo wake kwa kidole. "Lakini uje."