Fagio la Demetria

Fagio la chelewa lilianza saa kumi na moja kasoro robo, chwaa, chwaa, kama ilivyo kila siku. Bibi Auleria alilisikiliza likipita mbele ya mlango wa Demetria, likapita chini ya kamba ya nguo, likaja mbele ya mlango wake mwenyewe. Akateremka kitandani, akapiga magoti. Demetria alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita, na majirani walishukuru kwamba uwanja bado ni msafi.

Kusali peke yake kulikuwa kumemshinda Auleria maisha yote. Kwenye jumuiya, majirani Wakatoliki walipokusanyika kusali, alisali vizuri, sauti za wenzake zikimvuta. Akiwa peke yake, akifika "jina lako litukuzwe", mawazo yalikwenda kwenye maharage. Lakini tangu mazishi alikuwa amejizoeza: fagio likianza apige magoti, likinyamaza ainuke. Na kila siku alikwama palepale, kwenye "utusamehe makosa yetu". Hapo ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Yeye ndiye katibu wa jumuiya. Kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri aliita majina, na kwa Demetria aliandika "hayupo". Demetria alifanya kazi za ndani Tegeta, na kutoka Kinyerezi mpaka Tegeta lazima uondoke na giza, Jumamosi na Jumapili vilevile. Kabla ya kuondoka alifagia mbele ya milango yote miwili, kwa sababu magoti ya bibi jirani yalikuwa mabovu. Hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Homa ilipomchukua kwa siku tatu tu, Mwenyekiti Theonest alifungua daftari, akahesabu "hayupo" arobaini na moja, akasema asiyeshiriki haitiwi padri. Auleria angeweza kusema neno. Alishika kalamu tu. Demetria akazikwa kimya, bila padri wala msalaba. Mzee Shomari wa nyumba ya tatu alibaki kaburini wote walipoondoka. "Maneno yenu mie siyajui, mwanangu," alisema, akainua viganja, akasimama hivyo kwa muda mrefu.

Asubuhi hiyo ya tisa, Auleria alifungua mlango.

"Shikamoo, bibi," Demetria alisema. Alikuwa amevaa kitenge alichozikwa nacho, na miguu ilikuwa na udongo mwekundu.

"Marahaba, mwanangu. Bado unakwenda Tegeta?"

"Nakwenda. Niliwaambia nimekufa. Wamesema hawana neno, almradi nisichelewe."

"Leo jumuiya iko kwangu. Kaa usali nasi. Wakikuona, padri ataitwa kaburini kwako."

Demetria aliegemeza fagio ukutani. "Nitawaambia kulikuwa na foleni."

Saa kumi na moja na nusu alikaa mkekani pamoja na wengine. Anjelina, aliyekuwa ameketi karibu, alimtandikia kanga yake akalie, udongo usichafue mkeka. Demetria aliitikia kila sala, na nyimbo alizijua mpaka ubeti wa mwisho.

"Umejifunzia wapi, na huku huji?" Anjelina aliuliza.

"Nilikuwaga nawasikia nikipita. Naitikia njiani mpaka kituoni."

Auleria aliinuka na daftari. "Mwenyekiti, Demetria yupo. Nimwandike, tumwite padri."

Theonest alivua miwani. "Ana barua ya utambulisho? Mtu akihamia, lazima alete barua ya jumuiya ya anakotoka."

"Anatoka makaburini, Mwenyekiti."

"Sawa. Kiongozi wa huko ni nani? Amwandikie."

Demetria alifikiri. Akasema huko hakuna kiongozi, kila mtu yuko kivyake.

"Utaratibu ni utaratibu, mama," Theonest alisema kwa upole, akalivuta daftari, akaandika mwenyewe. Wakafunga kwa sala ya kuwaombea marehemu wote. Demetria aliitikia "Amina", akamkunjia Anjelina kanga yake, akaondoka haraka.

Kesho yake Auleria hakungoja sauti ya fagio. Alibeba fagio lake mwenyewe, akaenda makaburini polepole, akipumzisha magoti kila baada ya nyumba chache. Alifagia kaburi lote na njia ya kuingilia. Kisha akapiga magoti juu ya udongo, akaanza Baba Yetu. Alipofika "utusamehe makosa yetu" akakwama, kama kawaida.

"Kila Jumamosi nililisikia fagio lako," alisema. "Nikaandika hayupo."

Halafu sala ikaendelea mpaka mwisho, bila kumpotea hata neno. Kaburi lilibaki halina msalaba. Daftarini "hayupo" zilikuwa arobaini na mbili.

Demetria alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kaburi la jirani, akivaa ndala.

"Nilijua unalisikia, bibi. Dirisha lako lilikuwa wazi." Alitazama mahali palipofagiliwa, akasimama, akakung'uta kitenge. "Kesho uje tena. Ila uwahi, kabla sijaenda kazini."