Hatua Kumi za Nyasi

Tangu maji ya mafuriko yashuke, sanduku la Murdo Polson lilikaa nyuma ya mlango limefungwa kamba, na kila aliyeingia kumsalimu alilazimika kulivuka. Marsali, mkewe, alimwambia alifungue atoe angalau mashati. Akajibiwa kwamba mashati hayali wala hayanywi, yanaweza kungoja. Kwa hiyo Murdo alipitisha majira yote ya joto na shati moja: linafuliwa Jumamosi, linakaushwa mekoni, linavaliwa kanisani Jumapili. Sisi majirani tulimcheka, tukasema bwana yule anakaa kwake kama mgeni wa siku mbili. Tulimcheka kwa sauti ndogo, maana wengi wetu tulikuwa na mawazo yaleyale ya kuhama.

Mto Mwekundu ulipanda mwezi Mei, barafu ilipokatika, ukaja na magogo, vibanda vya kuku na paa zima la ghala la watu wa juu ya mto. Majuma manne tulikaa kwenye kilima cha mawe pamoja na ng'ombe wetu, tunautazama ukipita ndani ya nyumba zetu kana kwamba ndio uliozijenga. Tuliporudi, mashamba yetu membamba, yale yanayoanzia ukingoni na kwenda nyuma maili mbili, yalikuwa tope tupu. Shayiri hakuna. Ghala la Polson hakuna. Ndani ya tanuri la mkate Marsali alikuta samaki mkubwa amekufa. Akamtoa kwa koleo, akalipangusa tanuri, na jioni ileile akaoka mkate. Murdo alimtazama akioka, akashikwa na hasira asiyoijua sababu yake.

Hakutulia tena. Usiku alilala usingizi wa mang'amung'amu, mchana alikula amesimama. Nduguye Neil alikuwa ameondoka na msafara wa mikokoteni wa Juni kuelekea kusini, akatuma salamu kwamba huko ardhi ina mteremko na mito inajua mipaka yake. Maneno hayo Murdo aliyarudia mpaka sisi wengine tukayajua kwa moyo kama zaburi.

"Wewe bwana, kaa kitako basi," Marsali alimwambia siku moja.

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Umesimama dirishani tangu asubuhi."

"Nautazama mto."

"Mto upo palepale."

"Hapo ndipo penye shida."

Marsali akaweka chini soksi aliyokuwa akiifuma. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgumu kama fito, na hakuwa na desturi ya kubembeleza. "Basi tupatane," akasema. "Nyasi tukizipata, za kuwavusha ng'ombe wetu wawili na yule maksai mpaka theluji iyeyuke, tunabaki. Tukizikosa, mikokoteni ya Agosti itukute tumeshafunga mizigo."

"Wangu umeshafungwa."

"Najua. Nauvuka kila siku."

Wakapeana mikono kama watu wa mnadani. Murdo alifurahi moyoni, kwa kuwa alikwisha kupiga hesabu yake: watu wawili, hawana farasi, na bondeni mwaka ule kila nyumba ilikuwa na njaa ya nyasi. Alichosahau ni kwamba ukingo mzima haukuwa na mkono mwepesi wa kufyeka kuliko wake mwenyewe.

Nyasi za uwanda ulio nyuma ya mashamba si za mtu. Sheria yetu ni hii: hakuna anayegusa hata unyasi mmoja kabla jua halijachomoza tarehe ishirini ya Julai. Likichomoza, kila nyumba inafyeka njia nyembamba kuzunguka kipande ilichokichagua, na ncha mbili za njia hiyo zikikutana, vyote vilivyo ndani ya duara ni vyao, wavifyeke kesho au mtondogoo. Lakini duara lisilofungwa si duara. Penye pengo anaingia yeyote, anafyeka mpaka katikati, na huna la kumfanya. Kila mwaka yupo mtu anayejichorea duara kubwa kama ufalme, na kila mwaka mtu huyo hurudi nyumbani na mundu begani na reki isiyo na kazi.

Siku ilipofika tulijipanga ukingoni mwa uwanda, yapata watu sitini, miundu ya mipini mirefu mikononi na mbu masikioni. Mafuriko yaliyotunyima shayiri yalikuwa yameshibisha nyasi. Zilimfika mtu kifuani.

"Polson!" Narcisse Lafournaise alipaza sauti. Huyu ndiye jirani yao wa shamba la kusini, mwindaji wa nyati aliyegeuka mkulima, mshipi mwekundu kiunoni na utani mdomoni. "Naona leo umemleta mkeo akukatie!"

"Wangu anakata, Narcisse," Murdo akajibu. "Wewe unakata kwa mdomo."

"Shemeji Marsali, umesikia? Nikiona amechoka nitakuja kukusaidia."

"Njoo na mundu wako basi," Marsali akasema, "maneno ninayo ya kutosha."

Watu wakacheka. Jua likatoa ukingo wake, mzee wa kanisa akashusha kofia kutoa ishara, na miundu yote ikaingia kazini kwa mpigo mmoja.

Murdo na Marsali walianzia kwenye jiwe jeupe, wakapeana mgongo. Yeye alishika kushoto, mkewe kulia, wakutane upande wa pili, kwenye kichaka cha mierebi. Duara lao lilikuwa la kadiri, nusu maili kulizunguka, halina tamaa. Baada ya hatua ishirini hawakuonana tena kwa urefu wa nyasi. Kilichobaki ni sauti tu, mundu wake na mundu wa mkewe, ule wa mkewe ukiwa na pumzi fupi zaidi.

Mwanzoni alifyeka kama anavyofyeka siku zote, maana mwili una mazoea yake na haumuulizi mtu anawaza nini. Nyasi zililala, umande ukaruka, mabega yakapata moto, na kwa muda Murdo alisahau kusini na kaskazini. Alipoinua macho aliona mierebi iko karibu. Akapiga hesabu bila kutaka: nusu saa zaidi, duara litafungwa, na yeye atakuwa amefungwa humo. Ataona tena barafu ikikatika. Ataona tena maji yakipanda ngazi ya mlango wake, moja, mbili, tatu, kwa utaratibu wa mtu anayekuja kudai.

Hakukusudia kusimama. Alitoa kinoo mfukoni ili anoe kidogo tu, ingawa mundu ulikuwa bado mkali. Akaunoa upande mmoja, akaunoa wa pili, akarudia wa kwanza. Akafyeka hatua tano, akanoa tena. Kisha akakaa chini. Alikuwa hajamdanganya Marsali hata siku moja katika miaka ishirini na sita, na hata sasa hakuwa amefungua mdomo, lakini alijua anachofanya na aliona haya. Haya hiyo haikumwinua. Alikaa pale, mbu wakimnywa, akiisikiliza sauti ya mundu wa mkewe ikija polepole, ikikatika, ikirudi.

Aliyefika kwanza ni Narcisse. Alitokea upande wa nje, jasho limemlowanisha, utani wote umemwisha.

"Mtaka yote hukosa yote," akasema. "Leo ni mimi. Nilijichorea duara la kulisha kijiji, ndugu wawili wa parokia ya juu wakaingia kwenye pengo. Wamenibakizia alama za kwato za farasi wangu tu." Akatazama njia aliyoifyeka Murdo, akatazama nyasi zilizosimama mbele yake, kisha akamtazama yeye aliyekaa. "Umeumia?"

"Hapana."

"Basi mbona umekaa?"

Murdo alikigeuza kinoo mkononi. Narcisse alikuwa mwindaji. Alizoea kusoma ardhi na kilichopita juu yake, na akili yake haikuchelewa. Alivua kofia.

"Sikiliza, jirani. Ukiwa unafyeka, siingii. Lakini ukikaa hivyo, nitaingia. Nina watoto sita na ng'ombe wanne, na sioni aibu."

"Najua," Murdo akasema. "Ungoje kidogo."

Ndipo nyasi za upande wa pili zikaanguka na Marsali akatokea. Alikuwa amefika mierebini zamani, akaipita, akaingia katika nusu ya mumewe. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekifunga kiganjani, na kilikuwa kimelowa damu. Kati yao zilibaki hatua kumi za nyasi. Akasimama, akaukita mpini wa mundu ardhini.

"Hizo ni zako," akasema. "Mimi sizikati."

"Marsali..."

"Tangu pale mierebini nasikia kinoo chako. Nikasema labda mundu umegonga jiwe. Kisha nikasikia kimya, nikajua si jiwe."

Narcisse alitazama kofia yake. Angeweza kuingia wakati ule, na hakuna sheria ambayo ingemzuia. Hakusogea.

"Ulitaka nini?" Marsali akauliza, na sauti yake haikuwa kali. "Narcisse aingie, halafu tuseme Narcisse ndiye aliyetutoa? Na kabla yake mto ndio uliotutoa? Mama alinizaa njiani, unalijua hilo. Kwao walitolewa kwa moto, watu wa bwana mwenye ardhi wakachoma paa bibi akiwa bado kitandani. Mpaka anakufa, mama hakuwahi kusema 'tulihama.' Alisema 'tulifukuzwa.' Mimi sitaki kufukuzwa, Murdo. Si na maji, wala na nyasi zilizopungua. Kata hizo hatua kumi. Duara likishafungwa, sema unalotaka. Ukisema twende, nitapanda mkokoteni leo hii, na nyasi zote achukue Narcisse. Lakini useme wewe, kwa mdomo wako, ukiwa na nyasi za kutosha kubaki."

Murdo akainuka. Shati lake lile moja lilikuwa limemganda mgongoni. Akafyeka. Zilikuwa hatua chache kuliko zote alizofyeka siku ile, na zilikuwa nzito kuliko zote. Alihema kama mzee. Mundu wake ulipoangusha unyasi wa mwisho, ncha ilisimama kando ya kiatu cha mkewe.

"Limefungwa," Narcisse akasema kwa upole, maana sheria inataka shahidi. Akavaa kofia, lakini hakuondoka. Alingoja, kama ilivyokuwa haki yake kungoja.

Wote wawili wakamtazama Murdo. Yeye aligeuka kusini, mahali ambapo kwa miezi miwili macho yake yalikuwa yakikimbilia yenyewe, akaona uwanda, na mbele ya uwanda akaona uwanda. Akafungua mdomo aseme twende. Neno lilikuwepo, alikuwa amelilea tangu Mei, lakini sasa lilipoachiwa mlango halikutoka. Akajaribu lile jingine, tubaki. Nalo halikutoka. Akaogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu kilima cha mawe.

"Sijui," akasema. "Nilipokuwa nafukuzwa, nilijua pa kwenda."

Marsali akaachia pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. Alikuwa ameishi majira yote ya joto na mtu aliyejua kila kitu, na alikuwa amemkumbuka huyu asiyejua.

"Narcisse," Murdo akauliza, "mikokoteni inapita lini?"

"Jumatatu ya tatu ya Agosti."

"Nyasi hizi zitakuwa zimekauka?"

"Mvua isiponyesha, zitakuwa zimekauka kabla ya hapo."

"Basi lete reki zako na watoto wako. Tutazigeuza pamoja, na siku ya mikokoteni nitakuambia ni za nani."

Narcisse alikuna ndevu, akatafuta mzaha, akaukosa, akaenda kuwaita wanawe. Marsali akafungua kitambaa kiganjani, akakitazama, akakifunga upya kwa meno. Kisha akamkabidhi mumewe ncha ya kitambaa iliyobaki ili amkazie fundo.