Alama ya Penseli

Matano hakuitikia shikamoo. Hajira aliirudia kwa sauti ya juu kidogo, akidhani kaka yake hakusikia, lakini Matano aliendelea kumenya muhogo kwa kisu kirefu na kutupa maganda kwenye karai, kana kwamba hakuna mtu aliyesimama mbele yake. Ndipo Hajira alipoiona bahasha ya kaki. Ilikuwa mkekani, imekandamizwa na chupa ya chai, nayo ilikuwa imefunguliwa.

"Umeshasaini, kaka?"

"Kaa."

"Gari la kurudi linaondoka saa nane, na nina..."

"Nimesema kaa, Hajira."

Akakaa. Alikuwa ametoka Kongowe ya Kibaha alfajiri, akabadilisha magari mara tatu hadi kufika Chole, wilayani Kisarawe, kwa ajili ya karatasi moja tu. Jumatatu saa nne asubuhi karatasi hiyo ilitakiwa iwe mikononi mwa Onesmo, kiongozi wa msafara wa wapandaji wanane waliokuwa wakienda Nepali. Mlima wenyewe ulikuwa na urefu wa mita elfu sita na mia nane, na nusu yake ya juu haipandwi kwa miguu mitupu, bali kwa kamba, mashoka ya barafu na viatu vyenye meno ya chuma. Mbali na kiongozi, nafasi ya Mtanzania ilikuwa moja. Hajira aliipata kwa kuwashinda wanaume kumi na mmoja, na angeipoteza iwapo fomu ya mwisho isingefika kwa wakati ikiwa na saini ya ndugu wa karibu.

Fomu hiyo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, iliuliza jambo moja: mpandaji akifia juu ya kambi ya pili, mwili wake ufanyweje?

Hajira alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Kibaha. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipeleka mafaili kwa wakubwa, na kila mahali palipohitaji saini aliweka alama ndogo ya X kwa penseli, ili mkubwa asipoteze muda kupatafuta. Utaratibu huo aliuleta na nyumbani. Karatasi za shamba, za matibabu ya mama, za shule ya watoto wa Matano, zote zilifika Chole zikiwa na alama ya penseli, naye Matano akasaini palipoonyeshwa, kwa kuwa dada yake ndiye aliyesoma. Fomu hii nayo aliituma siku ya Jumatano kwa mkono wa kondakta, alama ikiwa mahali pake, pamoja na ujumbe wa simu: *Ni karatasi ya safari ya kazini, kaka. Saini tu.*

"Nilikuwa nimeshashika kalamu," Matano alisema. "Mwalimu Latifu akapita kuazima baiskeli, akaitupia jicho. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, 'Matano, nani amefariki?'"

Hajira aliinyooshea bahasha mkono.

"Nami nakuuliza wewe. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Ni fomu ya kawaida. Kila mpandaji huijaza."

"Mpandaji! Huko ofisini kwenu siku hizi mnapanda nini, makabati?"

"Nilijua ukiambiwa utakataa."

"Kwa hiyo ukaamua kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Matano aliutupa muhogo chini pamoja na kisu. "Miaka yote hii nasaini unapoweka kialama chako. Sasa najiuliza ni mangapi nimeshakubali bila kujua. Pengine hata shamba hili si letu tena."

Maneno hayo yalimchoma Hajira kuliko kama angepigwa kofi. "Shamba lina hati kwa sababu yangu! Nani alikesha kwenye foleni za ardhi, wewe? Na huku kupanda, miaka mitatu najifunza, kaka, kila Jumamosi narudi mikono imechubuka, wenzangu wananiita nyani. Nina miaka thelathini na sita. Nimekuja kuomba saini, sikuja kuomba ruhusa."

"Umekuja kuomba niandike kwamba dada yangu akifa aachwe kama mzoga."

"Wote huachwa! Huko juu kumshusha maiti mmoja ni kuua wazima wawili. Hakufikiki!"

Neno lile lilikwisha kutoka. Hajira alitamani kulirudisha, lakini Matano alikuwa amekwisha kulidaka.

"Hakufikiki," alisema polepole. "Neno lilelile."

Miaka kumi na tisa iliyopita baba yao, Mzee Khalfani, aliingia kazini katika machimbo ya mawe yaliyokuwa nje ya mji wa Kisarawe, na ngema, ule ukuta wa mwamba, ikamporomokea yeye pamoja na barabara ya kushukia shimoni. Machimbo yakazungushiwa seng'enge, mwili wake ukiwa humohumo. Ikasemwa kwamba chini hakufikiki, na Matano, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitatu, ndiye aliyetumwa kulileta neno hilo nyumbani.

Sasa aliokota kisu chake, akaanza tena kumenya. "Na kupanda kwenyewe umejifunzia wapi? Kibaha hakuna hata kilima cha kumchosha mbuzi."

Hajira angeweza kudanganya tena. Lakini hasira haichagui maneno. "Machimboni."

Kisu kikasimama. "Machimbo gani?"

"Unayajua. Ndio ukuta pekee ulio wima upande huu wote. Onesmo aliuombea kibali."

"Unaning'inia juu ya baba?"

"Nashuka mpaka alipo! Ninyi ndio mliosema hakufikiki. Mimi mara ya kwanza nilishuka kwa kamba moja, dakika saba, Matano! Dakika saba! Wanaume wazima wa Chole hamkujaribu hata..."

"Umefika chini?"

Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Mama yao, Bi Mwanaamina, alikuwa amesimama na mwiko mkononi, unga ukimganda kwenye vidole. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Nimefika, mama."

"Kuna nini?"

"Mawe makubwa. Mtopetope umeota katikati. Nilisoma Fatiha."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

Bi Mwanaamina aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehakikisha jambo. "Miaka mitatu unatoka kwa mume wangu, kila mwisho wa mwezi unakuja hapa, unakunywa chai yangu, na hukuniletea hata salamu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Ulikuja ukasema hakufikiki. Ulichungulia?"

"Mama, wakubwa waliokuwa pale waliniambia..."

"Ulichungulia?"

Matano alitazama maganda ya muhogo. "Hapana."

"Nilikataa kukaa eda ya mtu ambaye hakuna aliyeniambia amemwona. Nikatembea, nikaenda sokoni, wanawake wakanicheka, wakasema Mwanaamina hana haya, mume kafa naye anapima bamia. Na nyote wawili mkanyamaza." Alifuta mkono kwenye kanga, akaunyoosha. "Ilete hiyo karatasi. Nisomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, usiruke."

Hajira, ambaye ofisini husoma barua mbele ya wakuu wa idara bila kukwama, alikwama mara mbili. "'Iwapo nitafariki juu ya kambi ya pili... mwili wangu uachwe mahali ulipo. Familia yangu imeelewa, na haitadai uteremshwe.'"

"Haitadai," mama alirudia. "Familia ni nani?"

"Ni ninyi."

"Na hiki kidude cha penseli?"

"Kinaonyesha mahali pa kusaini."

"Kifute."

Hajira hakuwa na kifutio. Alisugua kwa kidole, na alama ikageuka doa la kijivu. Mama aliitwaa kalamu iliyokuwa sikioni mwa Matano, akalipaka wino dole gumba lake kwa utulivu uliotisha kuliko kelele, akaligandamiza juu ya doa lile.

"Mama!" Matano alisimama.

"Baba yenu hakuniuliza. Huyu ameuliza kwa hila, lakini nimesikia swali, na swali nimelijibu." Alimkazia macho Hajira. "Nimeweka dole. Sijaridhia. Usije ukawaambia wazungu wako kwamba mama yako ameridhia. Safari ni lini?"

"Baada ya wiki tatu."

"Basi hutanikuta mlangoni. Leo nimepata habari za mume wangu kutoka kwa aliyefika. Naingia eda, miezi minne na siku kumi, na mwenye eda hasindikizi msafiri."

"Mama, eda hailipwi baada ya miaka kumi na tisa," Matano alisema. "Shehe hatakubali..."

"Shehe alishuka?"

Mama akaingia chumbani, pazia likaanguka nyuma yake. Jikoni ugali ulianza kuungua, na hakuna aliyekwenda kuuepua.

Hajira aliitazama karatasi. Dole lilikuwa kamili, kila mstari umeonekana; masjala isingekuwa na la kulikosoa. Nafasi ilikuwa yake. Alitaka kupiga kelele, lakini hakujua ampigie nani, akairudisha fomu kwenye bahasha. Katika msafara wa Onesmo kanuni ya kwanza ni kwamba fundo hufungwa na mmoja na kukaguliwa na mwingine. Hili la saini alilifunga peke yake, na lilikuwa limefumuka mbele ya macho yake.

"Mama, nisikilize," aliliambia pazia. Kisha akatoka na bahasha yake.

Alikuwa amefika barabarani aliposikia hatua za haraka nyuma yake. Matano alisimama mbali kidogo, kisu bado kimo mkononi, macho mekundu.

"Mtu asiyepanda anaweza kushushwa?"

"Akifungwa vizuri, anaweza."

"Kesho saa tatu nitakuwa kwenye seng'enge. Usidhani nimekusamehe. Nakwenda kuchungulia." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Njoo na kamba. Na hiyo penseli yako uiache hukohuko Kibaha."