Maji ya Sikioni mwa Manase

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe sita Februari 1939, saa tatu asubuhi, kwenye shimo la dhahabu la mzungu mmoja, mwendo wa siku nzima kutoka Kiomboi. Breki ya winchi iliachia. Ndoo iliyombeba Manase ikaporomoka shimoni ikizunguka kama pia. Huko juu mpini wa winchi nao ukazunguka, ukampiga kichwani Felista, mkewe, aliyekuwa amemletea uji.

Ndoo ilifika chini ikasimama. Manase hakusimama.

Tangu mazishi ya Felista, Manase alikaa uani juu ya kigoda, akizunguka taratibu, na kila mzunguko ulimzamisha ardhini kidogo. Majirani walizoea upesi. Aliyetaka kumwamkia alingoja uso urudi.

"Shikamoo, baba," alisema binti yake Dina, bakuli mkononi.

"Marahaba. Leo nimefika wapi?"

"Kiunoni. Kunywa upesi, kabla hujanipa kisogo."

Laurian, mwendesha winchi, alikuwa amemwambia mzungu mara tatu kwamba breki imekwisha. Mara tatu aliambiwa aendelee na kazi.

Manase alipozama mpaka kifuani, Bwana Shauri, mkuu wa serikali wilayani, alikuja na daktari na karani. Daktari alieleza kwa upole kwamba ndani ya sikio mna maji. Mtu akizungushwa kisha akasimama ghafla, maji huendelea kwenda, naye huhisi mwendo usiokuwapo.

"Na akizungushwa muda mrefu kwa mwendo uleule," akaongeza, "maji humfuata, asihisi chochote."

Manase akawatazama wakubwa hao walivyokuwa wakimpita usoni mmoja mmoja. Hilo la kutohisi chochote aliliamini.

"Andika," Bwana Shauri akamwambia karani. "Ndoo haikuanguka. Ni sikio."

"Na huku kuzama, bwana?" karani akauliza.

"Sikio."

Karani akachuchumaa na wino, akatambaa kumzunguka Manase akitafuta kidole gumba cha kutia sahihi.

"Kiko chini huko," alisema Manase. "Chimba. Si ndiyo kazi yenu?"

Waliondoka na karatasi isiyo na dole. Ikapigwa mhuri hivyo hivyo.

Sasa kimebaki kichwa. Dina amekijengea kibanda cha nyasi, jua lisikichome. Kila uso unapoelekea njia ya Kiomboi, Manase huuliza, na wapita njia humwamkia tu wakaenda zao:

"Kama ndoo haikuanguka, Felista wangu alipigwa na nini?"