Mechi ya Tano

Bega la Tavo lilipochomoka, tulilisikia jukwaani. Watu hapa Wetherby wanabisha mpaka leo, wanasema Otha umetia chumvi, uwanja mzima unapiga kelele utasikiaje bega la mtu mmoja. Lakini mimi nilikaa nyuma kabisa ya benchi letu, karibu kiasi kwamba wachezaji wakitema mate upepo unaniletea. Beki wa wageni alimpokea Tavo angani, mpira umebanwa kwapani, maana huu ni mpira wa Kimarekani, wa kubeba mikononi na kugongana, akamtwanga ubavuni, wakashuka pamoja na Tavo ndiye aliyekuwa chini. Ka! Kama mtu anavunja paja la kuku. Dada yangu Lunette ndiye aliyemzaa huyo Tavo. Alinishika mkono akanifinya mpaka ngozi ikachubuka.

Walimwingiza kwenye hema la matibabu pembeni ya uwanja, wakampa taulo aume, wakalirudisha bega mahali pake kwa nguvu za wanaume watatu. Alipotoka, taulo lilikuwa jekundu. Alikuwa ameuma na ulimi.

Hiyo ilikuwa mechi ya nne ya msimu, na kwetu hata mtoto wa chekechea anajua maana yake. Mchezaji wa chuo ana misimu minne tu ya kucheza. Akiumia mapema, kabla hajagusa mechi ya tano, wanamvisha shati jekundu. Shati lenyewe halipo, ni namna ya kusema. Maana yake unakaa benchi mpaka msimu uishe, unapona, na mwaka huo hauhesabiwi. Lakini ukiingia mechi ya tano, hata kwa mkupuo mmoja, yaani mpira ukaanza mara moja tu na wewe umo uwanjani, basi, mwaka umekwenda na maji. Na kwa Tavo huo ulikuwa mwaka wa mwisho. Akitulia, mwakani ana msimu mzima, ana ufadhili wa kumaliza digrii yake, na wale mabwana wa timu za kulipwa watakuja kumtazama. Akiingia, Lunette anarudishiwa nyumbani kijana mwenye bega bovu na masomo ya nusu.

Kocha Ledbetter mwenyewe alikuja kwa Lunette. Akala mbavu zangu, maana mimi ndiye ninayechoma nyama nje ya uwanja kila Jumamosi, akalamba vidole, akasema, "Mama, hilo ni neno langu. Mwanao hakanyagi uwanja mpaka mwakani."

Tulimpigia makofi. Wakati huo tulikuwa tunashinda.

Kisha tukaanza kupigwa. Tukapigwa nyumbani, tukapigwa ugenini, tukapigwa na chuo kidogo ambacho bendi yao ilikuwa na watu wengi kuliko mashabiki wao. Matajiri wanaoilisha timu wakaanza kusema waziwazi kwamba Ledbetter akishindwa na Dunmore, mahasimu wetu, mechi ya kufunga msimu, afungashe. Na mtu anayeogopa kufungasha, ndugu yangu, neno lake unaliweka kwenye mizani.

Mazoezini Tavo alivaa kizibao cha njano, alama ya kwamba huyu asiguswe. Wakamgusa. Hizi habari aliniletea Dontrez, kijana aliyeshika nafasi ya Tavo ya kubeba mpira na aliyelala naye chumba kimoja. Alikuwa kwangu sebuleni, na sebule yangu siku ya Alhamisi haina pa kukanyaga: majirani, mashemeji, watu nisiowajua majina wameshika sahani.

"Mjomba Otha, wanamwita Bwana Shati," alisema Dontrez. "Wanasema amepona zamani, anajificha. Leo Hoyt, mwenzetu wa timu, kamtokea nyuma, mbio kabisa, kamgonga na helmeti kwenye uti wa mgongo."

"Na kocha?"

"Kocha alikuwa anafunga kamba za kiatu."

"Kamba zipi, kile kiatu kina kamba?" aliuliza shemeji mmoja, watu wakacheka.

Tavo hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kona anakula mkate wa mahindi kwa mkono wa kushoto. Lunette akamuuliza, "Na wewe ulimfanya nini huyo Hoyt?"

"Sikumfanya kitu, Mama."

"Alimvunja pua kantini," Dontrez alisema. "Kwa sinia. Mpaka viazi vikaruka."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Lunette hakufurahi. "Huo mkono mmoja uliobaki ndio unakwenda kuuvunjia puani mwa watu?" Akampokonya mkate.

Jumamosi ya Dunmore ilianza kwa damu kabla hata geti halijafunguliwa. Nilikuwa na moshi machoni, mbavu ziko motoni, akaja Cecil, fundi wa pikapu, amevaa rangi za Wetherby kuanzia kofia hadi soksi, kikombe cha plastiki mkononi na asubuhi bado mbichi.

"Otha, mpwa wako atavaa leo?"

"Kocha kasema avae tu. Kuvaa si kucheza."

"Si acheze basi! Mkupuo mmoja! Baba yangu alicheza na mbavu mbili zimevunjika."

"Ndiyo maana baba yako alikufa akitembea upande kama kaa."

Watu wakaangua kicheko. Cecil akaona aibu, akasema neno. Akasema Lunette kamlea mwanamume kama kibinti. Koleo la nyama lilikuwa mkononi mwangu, la moto, lina mafuta. Nilimpiga nalo shavuni. Akanirukia, tukaangukia meza ya saladi, akanitia kidole jichoni, mimi nikalipata sikio lake kwa meno. Watu walitutenganisha kwa kutumwagia barafu. Nikaingia uwanjani jicho moja limefumba, Lunette ananiambia, "Mzee mzima. Mzee mzima wewe."

Mechi yenyewe haikuwa mpira. Ilikuwa bucha. Kila mkupuo uliacha mtu chini. Dunmore walikuwa na beki namba hamsini na nne, shingo hana, kichwa kimeota mabegani moja kwa moja, na kazi yake ilikuwa ni kumngoja Dontrez. Akamgonga mara ya kwanza, Dontrez akatapika ndani ya helmeti. Akamgonga tena, jino likatoka, mwamuzi akaliokota na kumpa daktari kama mtu anayerudisha chenji. Dontrez akaendelea kusimama. Robo ya nne inakaribia kwisha tulikuwa nyuma kwa pointi tatu, tumebakiza hatua chache tu kufika mstari wao wa goli.

Dontrez akapewa mpira. Akapenya katikati, akanaswa miguu, na firimbi ikalia. Firimbi imelia, nasema, nusu ya uwanja wameshasimama, hamsini na nne akaja na uzito wake wote akaangukia goti lililonyooka. Goti lilikunjwa upande ambao magoti hayakunjwi. Ukelele wa Dontrez uliinyamazisha hata bendi.

Madaktari wakakimbia. Na kocha Ledbetter hakutazama uwanjani kabisa. Aligeukia benchi, akamwita Tavo kwa jina la ukoo.

"Pettway! Vaa helmeti."

Lunette alisimama. Tavo naye alisimama, polepole. Kati yetu na wao kulikuwa na chuma kimoja tu cha kuzuia watu, kila neno tulilipata.

"Kocha, hii ni ya tano."

"Najua kuhesabu."

"Uliahidi kwa mama yangu."

"Mkupuo mmoja, mwanangu. Shika mpira, anguka mbele, nenda nyumbani shujaa."

"Na mwakani?"

"Mwakani mimi sipo kama hatushindi leo!" Alimvuta kwa nondo za uso za helmeti ambayo Tavo alikuwa ameishika. "Ukikataa, iweke hiyo hapo chini na Jumatatu usije. Na ufadhili wako ubaki hapa. Chagua."

"Ledbetter!" Lunette alipiga kelele, hakuna tena mambo ya kocha wala bwana. "Ledbetter, wewe ulikula nyumbani kwangu!"

Huku nyuma yetu jukwaa lilikuwa limeshaona. Likaanza kuimba namba ya Tavo, ishirini na mbili, ishirini na mbili, watu wenye heshima zao, mwalimu wa watoto wangu, mchungaji. Niliwageukia niwatukane nikakosa tusi la kuwatosha. Kijana kabanwa. Akiingia anapoteza mwaka, akikataa anapoteza timu, na kote kuwili masomo yanakwenda.

Tavo alitazama uwanjani. Madaktari walikuwa wanampandisha Dontrez kwenye kigari, na hamsini na nne amesimama pale pale anacheka, anawaonyesha wenzake jinsi goti lilivyokwenda, anaigiza kwa mkono. Mmoja wetu akamsukuma. Wao wakasukuma. Mwamuzi mkuu akakimbia katikati akipuliza firimbi.

Hapo Tavo akaangusha helmeti. Hakuiweka, aliiangusha mguuni pa kocha, akapita mstari akaingia uwanjani kichwa wazi. Kocha akafikiri anakwenda kupanga safu, akamwita, "Helmeti! We, helmeti!" Tavo hakugeuka. Alikwenda kwa mwendo wa kawaida, kama anakwenda dukani, akawapita waliokuwa wanasukumana, akazishika nondo za uso wa hamsini na nne kwa mkono wa kushoto, akamng'oa helmeti pamoja na ngozi ya sikio, kisha akampiga kichwa cha pua. Akampiga tena. Yule jamaa alipiga magoti huku damu inamtoka kama bomba la nje.

Benchi la Dunmore likamwagika zima. Letu nalo likamwagika. Nimeona ugomvi mwingi maishani, kwenye baa, kwenye mazishi, lakini sijaona watu wenye pedi na chuma kichwani wakipigana na mtu asiye na kitu. Walimwangusha. Walimkanyaga kwa njumu. Niliona mmoja anaushika ule mkono wake mbovu na kuuzungusha, na safari hii sikusikia lolote, ila nilimwona Tavo kinywa wazi. Na Hoyt, yule yule wa pua iliyovunjwa, akaja akamlalia juu kama blanketi, akapokea mateke yaliyobaki.

Polisi waliwatenganisha kwa dawa ya pilipili. Waamuzi wakakaa duara, wakanong'ona, kisha mkuu wao akawasha kipaza sauti. Namba ishirini na mbili wa Wetherby, kupigana, nje ya mechi. Namba hamsini na nne wa Dunmore, nje ya mechi.

"Mungu wangu," Lunette alisema, "ameingia. Amekanyaga. Otha, ameingia!"

"Kaa chini."

"Amekanyaga uwanja, mechi ya tano!"

"Lunette, mpira ulikuwa umekufa. Hakuna mkupuo. Kuingia kupigana si kucheza." Na nilipokuwa ninamwambia ndipo na mimi nikaelewa. Aliyetolewa nje haingizwi tena na kocha yeyote duniani. Na hakuna atakayesema alikataa.

Ledbetter alielewa kabla yangu. Wakati wanampitisha Tavo amening'iniza mkono, kocha alimkamata shingo mbele ya kamera zote. "Umenimaliza! Umenimaliza, mbwa wewe!" Ilibidi polisi wamtoe yeye pia. Alicheza mkupuo wa mwisho kijana wa mwaka wa kwanza, mpira ukamtoka mikononi, Dunmore wakaulalia. Tukashindwa. Chupa zikaanza kushuka kutoka majukwaa ya juu, na zilikuwa zinaelekezwa kwetu. Moja ilimpasua Lunette kwenye paji la uso. Tulitoka mgongo kwa mgongo, mimi na jicho moja, yeye na damu, wanawake tunaosali nao wakimtemea mate.

Jumatatu hatukuwa na kocha. Tavo atakosa nusu ya kwanza ya mechi ya kwanza mwakani, ndiyo adhabu yote, na mwaka wake upo mzima. Bega limefungwa skrubu. Daktari hasemi ndiyo wala hapana. Mtu kavunja vioo vya gari la Lunette na sasa Lunette analala na bastola ya marehemu mumewe chini ya mto. Dontrez hatakimbia tena, lakini alikuja kwangu Alhamisi kwa magongo, watu wakampisha kiti kizuri, na ubishi ukawaka. Wengine wanasema Tavo alikwenda kumlipia rafiki yake, hasira zilimpanda, hakufikiri lolote. Wengine wanasema mtu wa hasira hatembei vile.

Nilimuuliza Tavo mwenyewe hospitali, Lunette akiwa ametoka kutafuta kahawa. Midomo ilikuwa imevimba, ilibidi niiname.

"Niambie mimi mjomba wako. Ilikuwa kwa ajili ya Dontrez au kwa ajili ya mwaka?"

Alifikiri. "Nilipomfikia nilitaka kumuua, Mjomba. Kweli kabisa." Akavuta shuka. "Lakini nilingoja kwanza refa ageuke aniangalie."

Lunette alikuwa mlangoni na vikombe viwili. Aliviweka mezani, akaja akamzaba kofi kwenye shavu zima, kisha akavuta kiti, akaanza kumpulizia kahawa ipoe.