Bei Zilizosimama

Zephania alishuka kwenye basi Jeddah asubuhi, miguu imevimba, akaenda moja kwa moja Sharafiya kwa Zablon, Mkenya aliyekuwa akitengeneza simu katika kiduka chembamba kama ujia. Bosi wake alikuja kwa ndege. Ndivyo walivyozoeana hao wawili: bosi juu, Zephania chini, na mkutano ni ule ule mmoja.

"Buda, unakaa maiti," Zablon akamwambia. "Umekula?"

"Sili mpaka mkutano uishe."

"Basi kunywa chai. Huwezi enda kuonyesha matajiri bei za bitikoini na hiyo sura. Watadhani zimeanguka kabla hujafungua mdomo."

Zephania hakucheka. Siku ile kwake ilikuwa ya kufa au kupona. Ikama yake, kile kibali ambacho bila hicho mgeni si mtu katika nchi ile, ilikuwa inaisha Alhamisi. Ikama ikifa, bima ya hospitali nayo inakufa. Na mkewe Wangari alikuwa Riyadh, katika fleti yao ya Malaz, mja mzito wa miezi minane, presha juu, daktari amemkataza kupanda ndege na kumwambia wazi kwamba asithubutu kuzalia nyumbani. Bosi alijua yote hayo. Alitoa jibu lake huku akitafuna tende.

"Sufyani," alisema, maana jina la Zephania lilimshinda tangu siku ya kwanza. "Skrini ikitembea Jeddah, ninakuongezea ikama pale pale, kwa simu yangu, macho yako yakiona. Skrini ikisimama, halas. Unarudi kwenu."

Skrini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Zephania. Ilikuwa ile miaka ambayo nchi ilikuwa ikigeuzwa kama godoro: sinema zimefunguliwa, wanawake wanaendesha magari, na kila mwenye kanzu nyeupe na simu ya bei alikuwa na kampuni ya teknolojia. Bosi alikuwa muuza vigae. Akaacha vigae, akataka skrini pana kama ukuta inayoonyesha bei za sarafu za mtandaoni zinavyopanda na kushuka, moja kwa moja kutoka masoko ya dunia.

Programu ya kwanza ilifanya kazi kama mhudumu mjinga wa hoteli: anachukua oda ya meza moja, anakwenda kusimama jikoni mpaka chai ichemke, ndipo aende meza ya pili. Soko moja likikawia, mengine yote yanasubiri, na bei zinafika zimeshachacha. Zephania akaibomoa. Akaiandika upya, kila soko likawa na njia yake wazi, programu inayasikiliza yote kwa pamoja. Lenye neno linasema, lisilo na neno linaachwa lingoje, wala halimzuii mwenzake. Ilipokuwa ikikimbia ilikuwa tamu kuitazama. Namba zilitetema kama mafuta ya taa kwenye maji.

Ila bosi hakupenda nafasi tupu. Soko likinyamaza, pale kwenye bei Zephania alikuwa ameweka kistari.

"Hiki ni nini?"

"Soko limenyamaza, bosi. Hatujui bei."

"Mbele ya watu huwezi kusema hatujui. Weka bei ya mwisho ikae hapo mpaka mpya ije."

"Bosi, hiyo itakuwa bei iliyokufa. Mtu atadhani iko hai."

"Yalla, weka."

Akaweka. Anayeshika ikama yako ameshika koo lako.

Na mashine yenyewe ilikuwa kompyuta nzee, kubwa, iliyohamia sebuleni kwa Zephania pale ofisi ilipofungwa wakati wa korona. Bosi hakutaka kusikia habari ya kukodi mashine ya mtandaoni. Kwa hiyo ile nzee ilikaa Malaz, pembeni ya kochi, ikivuma kutwa kucha, ikipokea bei na kuzirusha mpaka kwenye skrini popote ilipo. Zephania alipoondoka alimwambia mkewe: usiiguse, hata vumbi usiifute.

Sasa hapa lazima ijulikane kwamba Zephania ni mtu wa Muheza, na Wangari ni wa Murang'a. Kiswahili chao kilikuwa kimoja, lakini kiligongana mle ndani kama vyombo kwenye beseni. Kwa Zephania kitu ambacho hakijaharibika ni kizima: simu nzima, feni nzima, pasi nzima. Kwa Wangari mzima ni mtu. Kitu kiko sawa ama kimeharibika, na kuzima ni kazi ya swichi. Walichekana kwa hayo miaka yote ya ndoa yao, na hayakuwahi kuwadhuru.

Kabla ya kuingia mkutanoni, Zephania alisimama chini ya jengo, karibu na lifti, akapiga simu nyumbani. Mtandao ulikuwa mbovu, sauti inakuja vipande vipande.

"Wangari! Unanisikia? Mashine nzima?"

"Ati?"

"Nasema mashine! Nzima?"

"Sawa," Wangari akajibu, kama mtu aliye ndani ya kisima. "Nimesikia. Sawa."

Zephania akashusha pumzi. Sawa ni sawa. Akaingia kwenye lifti.

Juu, bosi alikuwa ameshawasha skrini tangu mapema, kuwatamanisha waliowahi. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa Jeddah aliyeitwa na wote Amu Hamza, tasbihi mkononi, kikombe cha kahawa mkono wa pili. Alikuwa tajiri wa vitambaa. Watoto wake walimwingiza kwenye sarafu hizi, na sasa nusu ya mali yake ilikuwa humo, kitu asichoweza kukishika wala kukikunja.

"Huyu ndiye fundi?" akauliza. "Karibu, mwanangu. Nieleze, hizi namba zinatoka wapi?"

Zephania akafungua mdomo kueleza, akageukia skrini.

Chini kabisa ya orodha kulikuwa na sarafu moja ndogo, ya hovyo, isiyotulia hata ukifumba jicho. Ilikuwa imetulia. Akaitazama. Akatazama iliyo juu yake, na iliyo juu ya hiyo. Zote zimetulia, zinang'aa, nzuri kama picha ukutani.

"Samahani," akasema. "Naangalia waya."

Akatoka hadi koridoni, akapiga. Safari hii sauti ilikuja safi.

"Wangari, mashine imezima?"

"Eeh, imezima. Mimi ndiye nimezima."

"Umezima?"

"Si umesema zima!"

"Nani kasema zima?"

"Wewe! 'Nasema mashine, zima!' Na ukapiga makelele. Nikafikiria labda moshi inatoka, nikang'oa hadi kwa ukuta."

"Nimeuliza nzima! Nzima, mke wangu! Iko sawa, ama haiko sawa?"

Ikaja sauti ndogo: "Woi, Zepha. Si ungesema tu iko sawa?"

"Washa. Washa sasa hivi."

Akamsikia akiinama, akihema kwa uzito wa tumbo. "Nimewasha. Imeleta maandishi mingi za Kizungu. Inasema inajikagua. Kuna kalaini inasonga, lakini pole pole sana."

Ilikuwa imeng'olewa umeme ghafla, na sasa ilikuwa inakagua diski yake kwanza, kama mzee anayetafuta viatu. Ikimaliza ingeanza yenyewe. Lini, hakuna ajuaye.

"Usiiguse tena," akasema.

"Sigusi. Zepha, bosi ameshaongeza ikama?"

"Bado. Rudi ukae."

Akarudi ndani. Amu Hamza alikuwa kwenye simu, anacheka.

"Ni binti yangu," akawaambia wote. "Analia. Anasema bei inaporomoka, niuze. Namwambia, mimi nimekaa mbele ya skrini inayotoka kwenye masoko yenyewe, bei imetulia kama maji ya birika!"

"Simu zina uongo mwingi, Amu," bosi akasema. "Hapa ndipo kwenye ukweli." Na alikuwa amefurahi kiasi kwamba akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa wafanyakazi, akamwinulia Zephania aone kutoka kule alikosimama. Jina lake lilikuwepo pale. Chini yake kitufe. Bosi akakonyeza, kidole gumba kikashuka taratibu, ukurasa ukauliza: una uhakika?

Zephania alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza tu, kwa muda wa kidole kugusa kioo mara ya pili. Binti wa watu analia, ndiyo, lakini yule ni binti wa tajiri, na Wangari miguu yake imevimba kama mito. Nyamaza, akajiambia. Wewe hukuwaambia waamini. Nyamaza, mwanaume.

"Sikiliza, binti," Amu Hamza akasema kwenye simu, kwa upole. "Usiuze kitu. Na hizi nyingine nilizokuambia juzi, ongeza."

"Amu, uza," Zephania akasema.

Chumba kikageuka. Hata yeye alidhani ni mtu mwingine aliyesema.

"Uza, Amu. Skrini hii mafi, hakuna kitu. Imekufa kabla sijaingia humu. Hizo ni bei za zamani, zimesimama. Binti yako anasema kweli."

"Sufyani!" Bosi akasimama. "Ana wazimu huyu. Hajalala, amekuja kwa basi..."

"Itazame ile ya chini, Amu. Umeiona ikicheza tangu nimeingia? Hata mara moja?"

Mzee akaitazama. Wote wakaitazama. Na kule Malaz, ile mashine nzee ikamaliza kujikagua, na programu ikaamka, ikafungua njia zake zote kwa mpigo. Namba zikaanguka pamoja, nyekundu tupu, kutoka juu hadi chini, kama kabati la vyombo lililoachiliwa.

Kikombe cha Amu Hamza kikaanguka. "Uza!" akapiga kelele kwenye simu. "Uza chochote kilichobaki, uza!" Akatoka mbio na tasbihi yake, wenzake nyuma, na hakuna aliyemtazama Zephania usoni. Mlango ukabaki wazi.

Bosi alikaa. Akaitazama simu yake. Ukurasa ulikuwa bado unauliza kama ana uhakika. Akaufunga.

"Bosi, mke wangu..."

"Wewe ndiye uliyeua skrini," bosi akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Zephania zaidi. "Kisha wewe ndiye uliyewaambia imekufa. Ungechagua kimoja. Halas."

Alirudi Sharafiya kwa miguu juani. Zablon alimsikiliza mpaka mwisho, bisibisi mdomoni.

"Lakini kuna ile sheria mpya," Zablon akasema. "Ikama ikiisha na huyo bosi, kafili wako, hajaongeza, unahama bila ruhusa yake. Tafuta kafili mwingine, basi."

"Kabla ya Alhamisi?"

Zablon akaitoa bisibisi mdomoni. "Hapo sheria haijafika, bro."

Lakini wakajaribu. Waliingia kwa mwenye duka la simu, akasema ana watu wengi. Waliingia kwenye ofisi ya kutuma pesa, hoteli ya wali, duka la mabegi. Zephania, aliyeyafundisha masoko ya dunia kuongea kwa wakati mmoja, alisimama mbele ya kaunta za watu akisema anaweza kuosha vyombo, anaweza kubeba mizigo, anaweza chochote. Wengine walimhurumia. Mmoja alimpa soda. Kafili hakupatikana.

Alikuwa ameishika hiyo soda, hajaifungua, Wangari alipopiga.

"Ameongeza?"

"Hakuongeza."

Hakuuliza kwa nini. Zephania alisikia mlango ukifungwa na funguo zikilia.

"Unakwenda wapi?"

"Hosi. Kadi ya bima si bado inafanya kazi? Hadi Alhamisi?"

"Inafanya. Lakini siku zako bado."

"Kichwa inaniuma tangu juzi, Zepha. Na naona nyota nyota. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na hii safari." Akatulia apate pumzi. "Daktari alisema nikiona nyota niende mbio. Naenda. Na nikifika sitoki huko. Kama ni kumtoa mtoto, wamtoe saa hii, kadi ikiwa ingali. Nimeita teksi. Iko hapa chini."

"Ningoje, nakuja."

"Nikungoje aje na uko Jeddah?"

Simu ikakatika.

Zablon ndiye aliyemtafutia gari la kuchangia, akamlipia, akamsukuma ndani. Dereva alikuwa Mpakistani asiyependa maneno. Alipoambiwa kwamba abiria wake ni Mkristo alisonya, akakunja kushika ile njia ya wasio Waislamu, inayoizunguka Makka. Zephania alipiga simu wakiwa wanazunguka, haikupokelewa. Alipiga wakipanda milima ya Taif, ikapokelewa na mwanamke asiyemjua aliyesema kwa Kiarabu cha haraka, mkeo yuko ndani, presha, ndani, subiri, na akakata. Akapiga tena. Taif wakaipita. Jua lilikuwa bado kali nyuma yao, na mbele hapakuwa na kitu. Akaitazama simu: vile vijiti vya mtandao vikapungua, kimoja kimoja, vikaisha.

"Mafi shabaka," dereva akasema, akimtazama kwenye kioo. Hakuna mtandao. "Mbele."

"Mbele wapi?"

Dereva akaonyesha kwa kidevu. Barabara, mchanga, barabara.